Meza ya Mtakatifu Haiuzwi

Sehemu ya tisa

Foili ilikuwa chini ya kwapa la mama yake.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji. Wewe ulikunja gazeti, nami nikamwacha Benancio Hocog nyuma ya mlango wa jiko la kasino, mwiko mkononi, jicho kwenye kidirisha. Mama yake, Tan Tomasa, alikuwa ameshaingia ukumbini. Na nyuma yake hakukuwa na mtu mmoja wala kumi. Parokia nzima ya San Jose ilikuwa imetoka misani na kuja moja kwa moja, wazee na vijana, mashati ya maua na magauni ya Jumapili, na kila mwanamke mwenye mvi alikuwa amebeba foili yake ya kufungia chakula.

Benancio alihesabu hadi sabini, akaacha.

Aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita na ajue jambo moja tu, mengine atayaokota njiani. Kibali cha kazi cha Ligaya, mwoka mikate wa jiko hilo, kinakwisha kesho. Ligaya ni mtu wa Iloilo, Ufilipino, na huu ni mwaka wa tatu yeye na Benancio ni chanda na pete. Kuoana hawawezi. Alipokuwa na miaka ishirini Ligaya aliolewa na baharia aliyepotelea bandarini, na kwao talaka haipo. Kwa hiyo kukaa kwake kisiwani Tinian kunaning'inia kwenye kalamu ya mtu mmoja, Bwana Kwok, meneja. Na Bwana Kwok alikuwa amesema hivi: Jumapili hii bufee iwe na meza ya chakula cha kisiwani. Ikimpendeza Bi Ou wa Makau, mcheza kamari ambaye akikaa siku tatu, kasino hupumua mwezi mzima, karatasi ya Ligaya itatiwa sahihi. Isipompendeza, Ligaya atapanda ndege ya Jumanne.

"Ifanye kama sikukuu ya kweli," Kwok alimwambia Benancio. "Nataka picha nzuri za tangazo."

Benancio akafanya anachofanya mwana yeyote wa Tinian akisikia neno sikukuu. Alimwomba padri aje kuibariki meza. Kisha akamwambia mama yake.

Kosa ni hilo, na hakuna mtu wa kwingine ambaye angelifanya. Meza ikishabarikiwa ni ya mtakatifu. Haina mlango, haina tikiti. Mpita njia huitwa ale, na akishiba haachwi aondoke mikono mitupu. Hufungiwa balutan, fungu la kuwapelekea wagonjwa na waliobaki nyumbani. Padri alikuwa amepita asubuhi kabla ya misa ya pili, akanyunyiza maji, akasema amina, akapigwa picha zake tatu. Na Benancio, kichwa kimejaa karatasi ya Ligaya, hakukumbuka kwamba Kwok, mtu wa Makau, hajui amina ile inafungua nini.

Sasa ilikuwa imefunguka.

Karani wa mlangoni, mwanamke mgeni kisiwani aliyeletwa mwezi ule ule, alisimama na kunyoosha mkono. Akawaambia ni dola thelathini na mbili kwa kichwa.

Aliyekuwa mbele yake ni Tun Gorio, mzee wa ng'ombe, kofia ya majani kifuani kwa heshima.

"Mwanangu," alimwambia, "tangu lini San Jose anauza wali?"

Karani alisema hamjui huyo San Jose, na kama ndiye aliyefanya mpango basi aje azungumze na ofisi.

"Atakuja," alisema Tun Gorio. "Lakini huwa anachelewa. Wewe mwenyewe umekula?"

Watu wakacheka, wakapita. Hawakusukuma, hawakuiba. Walipita kama watu wapitavyo uani kwa jirani, wakimpigapiga yule karani begani, mmoja akimsifu kwa nywele zake, mwingine akimwambia asisimame sana, miguu itavimba.

Simu ya jikoni ililia. Benancio aliifahamu hata kabla ya kuinyanyua.

"Njoo," ilisema sauti ya Kwok. "Sasa hivi."

*

Bwana Kwok hakuwa mtu wa kelele. Benancio alimkuta amesimama kwenye roshani inayotazama ukumbi, mikono nyuma, na karatasi ya Ligaya imekunjwa mara tatu kwenye mfuko wa koti lake. Ncha yake nyeupe ilikuwa inachungulia. Benancio aliikazia macho ncha ile tangu mwanzo hadi mwisho wa mazungumzo.

Kwok aliuliza hawa ni nani. Benancio alimweleza. Alieleza habari ya baraka, ya mtakatifu, ya mpita njia. Alieleza vibaya, kama mtu anayemweleza mwenzake kwa nini maji huteremka badala ya kupanda.

"Niliomba picha," alisema Kwok. "Sikuomba kijiji."

"Ndiyo, bwana."

"Mpigie simu padri. Mwambie aje aiondoe."

"Aondoe nini, bwana?"

"Hiyo baraka."

Benancio alimtazama aone kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Ilibidi amwambie kwamba baraka haiondoki. Hakuna sala ya namna hiyo, na hata ingekuwepo hakuna padri wa Tinian atakayeisoma mbele ya mama zao wenye njaa.

Kwok alitoa ile karatasi, akaikunjua, akaiweka juu ya ukingo wa roshani, upepo wa viyoyozi ukawa unaichezea.

"Bi Ou anashuka baada ya nusu saa," alisema. "Tangu Ijumaa hajala kitu cha bufee yangu. Kamba hataki, supu hataki, anakunywa maji ya moto. Anasema kila kitu hapa kimetoka kwenye barafu. Leo asubuhi amemwambia rubani wake aiweke ndege tayari kwa saa tisa. Akiondoka saa tisa nitajua chakula chenu hakikuweza kumshika, na wewe utajua nimefanya nini na karatasi hii. Shuka. Wale ni watu wako. Watoe."

Watu wangu, alijisemea Benancio akishuka ngazi. Na miguu ilikuwa mizito kama ya mtu anayekwenda kuchukua maiti.

*

Alimkuta mama yake anapanga upya meza.

Wapishi wa Kwok walikuwa wameanza na nyama, kwa kuwa nyama ndiyo yenye bei. Tan Tomasa hakuweza kuivumilia fedheha hiyo. Aliitoa nyama, akaweka kwanza wali mwekundu, kisha mikate ya nazi, kisha ndipo nyama, kisha samaki, na mwishoni sinia kubwa la kelaguen: kuku aliyechomwa, akakatwakatwa, akakamuliwa ndimu na kuchanganywa na nazi mbichi na pilipili. Wazee wawili walimsaidia kunyanyua. Foleni ilikuwa imenyooka hadi kwenye mashine za kamari, na wacheza kamari walikuwa wameziacha zikilia peke yake ili watazame.

"Mama," alisema Benancio.

"Umekula?"

"Mama, sikiliza. Hapa si uani kwetu."

"Naona. Uani kwetu wali hutangulia." Alimpa sahani. "Umekonda, baba. Kula."

Alijaribu tena. Alisema kuna mwenye mahali hapa, kuna bei, kuna mambo ambayo angemweleza baadaye. Kila aliposema neno mtu alimshika mkono: shangazi yake akimpongeza kwa samaki, mwalimu wake wa darasa la nne akimwambia marehemu baba yake angeona fahari leo, mwanamke mmoja akimwombea afya. Miaka mitatu walikuwa wakipita nje ya jengo hili na kunusa mafuta ya watu wengine. Leo walikuwa wameingia na kukuta chakula chao kimewekwa juu ya vitambaa vyeupe, chini ya taa za dhahabu, na aliyekiweka hapo ni mtoto wao. Nani angefungua kinywa awaambie watoke? Mdomo gani?

Benancio alimsogelea mama yake.

Akasema mwishoni, kwa sauti ya chini, kwamba kama hawatoki Ligaya atarudishwa kwao.

Mkono wa Tan Tomasa ulisimama juu ya wali. Jina lile hakuwahi kulitamka. Kwake yeye Ligaya alikuwa "yule wa mikate", mke wa mtu, tena mke wa mtu aliye hai huenda, na kila Jumapili mama na mwana walikaa kanisani na kiti kitupu katikati yao.

"Nani atamrudisha?"

"Meneja."

"Kwa sababu watu wamekula?"

"Kwa sababu hawakulipa."

Tan Tomasa alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna nchi ambako wafu hawazikwi. Halafu akamgeukia mzee aliyefuata kwenye foleni na kumpakulia. Si kwamba hakusikia. Alisikia, msomaji. Lakini sahani ilikuwa imenyooshwa mbele yake, na mikono yake haikujua kufanya kingine.

Kwa nusu saa Benancio alisimama pale na kutazama meza ikiisha. Wali ukaisha. Samaki wakabaki vichwa, kisha hata vichwa vikapata wenyewe. Foili zikaanza kuchanika, kraa, kraa, ukumbi mzima, na mafungu yakang'aa mezani kama samaki waliotoka majini. Juu kwenye roshani Kwok hakuwa akiwatazama watu. Alikuwa akimtazama yeye.

*

Lifti ilifunguka, na Bi Ou akatoka.

Alikuwa mwanamke mdogo wa miaka kama sabini, kanzu nyeusi, viatu vya nguo, na nyuma yake wapambe watano wasiosema. Watu wa Tinian walimpisha, maana ni mzee. Tun Gorio alimvutia kiti. Kwok aliteremka ngazi mbili mbili, akaanza kuomba radhi kwa lugha yao, akionyesha meza za upande wa pili zilizojaa kamba na maandazi ya mvuke. Bi Ou hakugeuza shingo. Alikuwa anatazama foleni.

Aliuliza wale wanagombea nini.

Kwok akasema ni chakula cha hapa, bahati mbaya kimekwisha.

"Kwangu mimi unaweka vya barafu," alisema Bi Ou, "na vinavyogombewa vinakwisha kabla sijashuka."

Alijongea mezani mwenyewe. Katika sinia la kelaguen kilikuwa kimesalia kijiko kimoja, kimejikunyata pembeni. Alikikwangua, akakitia kinywani, akatafuna.

Pilipili ya Tinian haipandwi na mtu. Ndege huila, ndege huitupa, mvua huiotesha, na ulimi wa mgeni ndio unaoilipa. Bi Ou alisimama. Uso ukawa mwekundu, macho yakajaa, machozi yakashuka mashavuni moja kwa moja wala hakuyafuta. Mpambe mmoja aliruka na kumshika kiwiko. Mwingine alimgeukia Benancio, mkono umeingia ndani ya koti. Benancio aliona ndege ya Jumanne, na safari hii aliiona na pingu zake mwenyewe zimo ndani.

Bi Ou aliinua kidole, wapambe wakarudi nyuma.

"Nyingine," alisema.

Benancio aliinamisha sinia, aone kwamba ni tupu.

"Nimesema nyingine."

Hapakuwa na nyingine. Kelaguen yote ya Jumapili hiyo ilikuwa imekunjwa ndani ya foili, imefungwa, ina wenyewe: ya mgonjwa fulani, ya mama mzazi fulani, ya mzee asiyeweza tena kutembea. Na fungu lililokwisha kufungwa, kwetu, halifunguliwi. Benancio alimtazama Kwok. Kwok alikuwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili, juu kabisa, pale mtu anaposhika anapotaka kuanza kuchana.

Ndipo Tan Tomasa aliposogea.

Alichukua fungu lake mwenyewe, lililokuwa la dada yake mgonjwa wa sukari, akaliweka mbele ya Bi Ou na kulisukuma kidogo kwa vidole viwili. Akamwambia mwanawe atafsiri kwa Kiingereza: kwamba mgeni hatoki mezani kwa mtakatifu akiwa na njaa, na kwamba asile haraka, atapaliwa.

Bi Ou alitazama fungu, akamtazama aliyelitoa.

"Bei gani?"

Benancio aliogopa kulitafsiri hilo, lakini mama yake alikuwa ameshaelewa. Alicheka. Alicheka kicheko cha kweli cha tumboni, na wanawake wote wenye mvi wakacheka naye, na kabla kicheko hakijaisha Tun Gorio alikuwa ameleta fungu lake, na mwalimu wa darasa la nne lake, hadi mbele ya yule bibi wa Makau kukawa na kilima cha foili.

Bi Ou alikula. Alikula fungu la kwanza lote kwa mikono, akilia na kula, akaagiza wali, na wali ukapatikana kutoka fungu la mtu. Alipomaliza alisema neno moja kwa mpambe wake, na mpambe akatoa simu na kumwambia rubani kwamba saa tisa haipo tena.

Amebaki. Kwok, mtu wa biashara, aligeuka mara moja kama jani. Alikuwa anatabasamu. Aliilaza ile karatasi juu ya meza, akaichomoa kalamu, akafungua kifuniko.

Na hapo, msomaji, mtu mwingine angefunga gazeti akalale.

*

"Nani aliyeipika?" aliuliza Bi Ou.

Kalamu ya Kwok ilikuwa imeshagusa karatasi. Alimwonyesha Benancio kwa kidevu. Alisema ndiye huyu, mpishi wetu, mwana wa kisiwa.

Benancio alitaka kuitikia. Neno lilikuwa jepesi, ndiyo, herufi chache tu, na yote yangekuwa yamekwisha. Lakini mezani kwa mtakatifu mgeni akisifu chakula, mwenye mkono hutajwa kwa jina lake. Kulidanganya jina ni kuiba mbele ya altare. Aliyetaja alikuwa mama yake.

"Si huyu," alisema Tan Tomasa. "Mwanangu hukamua ndimu kuku akishapoa. Tangu mtoto, namwambia, hasikii. Kuku wa leo alikamuliwa angali wa moto, mpaka imemwingia mfupani." Akalamba midomo kama mtu anayejaribu maji. "Ni mkono wa Ligaya."

Ilikuwa mara ya kwanza. Miaka mitatu, na jina lile lilitoka kinywani mwa mama yake likiwa limesimama wima, mbele ya parokia nzima, kama linavyotajwa jina la mtoto wa nyumbani. Kwenye mlango wa jikoni Ligaya alikuwa amesimama na unga viwikoni. Alisikia. Benancio alimwona akishika mwimo wa mlango.

Furaha ile ilidumu muda wa kupepesa macho.

"Huyo," alisema Bi Ou, "namchukua."

Akautoa mkono wake mdogo, akauweka juu ya kalamu ya Kwok. Hakusukuma. Aliulaza tu pale. Kwa sauti ya mtu anayeagiza chai alisema jikoni kwake hakuna mpishi tangu mwaka juzi, karatasi zote za Makau atazishughulikia yeye, na kibali cha hapa hakina haja tena ya kusainiwa, au siyo, Bwana Kwok?

Kwok alimtazama Ligaya, akamtazama Benancio. Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, macho yake yalikuwa na kitu kinachofanana na aibu. Kisha alikirudisha kifuniko cha kalamu.

"Kama Bi Ou atakavyo," alisema.

Benancio alimgeukia mama yake. Alitafuta usoni mwake, kwenye mikunjo ile anayoifahamu kuliko barabara za kisiwa, apate kujua: alilitaja jina kwa upendo, au alilitaja ili lichukuliwe? Uso wa Tan Tomasa ulikuwa umebabaika kama wake. Alikuwa amempa mwanawe mke na kumnyang'anya kwa pumzi moja, na hata yeye hakujua mkono upi ulifanya lipi.

"Ni ladha ile ile ya jana, nilitaka tu kuhakikisha," alisema Bi Ou, akijifuta vidole.

Ya jana?

Jana hakukuwa na meza. Jana kelaguen haikuwa imepikwa kwa ajili ya mtu yeyote.

Benancio alimwendea Ligaya. Alipita katikati ya watu bila kuwaona. Alimuuliza kwa sauti iliyopasuka kama amepanda ghorofani jana, kama amempelekea yule bibi chakula, kwa siri, yeye akiwa anahangaika na padri na samaki. Alimuuliza kama haya yote, meza na baraka na watu, yalikuwa kazi bure, mambo yalikwisha tangu jana.

Ligaya hakuyakwepa macho yake.

"Nilipanda," alisema. "Ningengoja nini? Miaka sita ya vibali, Benancio. Kila mwaka nasimama mbele ya mtu mwenye kalamu. Mwaka huu ni Kwok, mwaka ujao mwingine. Wewe unanipenda, najua. Lakini kupenda kwako hakuna kalamu."

Ilikuwa kweli, na kweli haina pa kushikia. Benancio alisema tu, kama mtoto, kwamba angalau angemwambia.

"Ningekuambia ungesema ningoje." Alijipangusa unga kwenye aproni. "Nilimwambia nitakwenda kwa sharti moja. Ndege yake ina nafasi. Mimi sikuomba kiti kimoja."

Benancio hakuelewa. Kisha akaelewa, na ilikuwa afadhali asingeelewa.

Viti viwili. Nyuma yake mama wa miaka sabini na tatu, na yeye ndiye mtoto wa mwisho. Wakubwa wote wako ng'ambo na kwa mila ya kwao wa mwisho ndiye hubaki. Nyuma yake ng'ombe kumi na mmoja, kaburi la baba lenye kupakwa chokaa kila Novemba, paa linalovuja. Mbele yake Ligaya, aliyeomba viti viwili akiwa hajui kama kimoja kitakaa kitupu.

Bi Ou alikuwa amesimama. Alisema sasa ameshiba, hana haja ya kucheza tena hapa. Huwezi kukaa mahali ukishapata ulichokuwa ukikitafuta. Mpambe akapiga simu tena. Rubani akasema dakika arobaini.

"Ni uamuzi wako," alisema Ligaya. "Sitakuvuta."

Ukumbi mzima ulikuwa umesikia. Watu sabini na zaidi, mafungu mikononi, na hakuna aliyetoka. Benancio alifumbua mdomo amwambie Ligaya abaki, akakumbuka kwamba hana cha kumbakiza. Akafumbua amwambie mama yake kwamba hataondoka, akasikia kwamba ni uongo, au huenda si uongo, hakujua tena.

Tan Tomasa alikuja. Watu walimpisha. Hakumtazama Bi Ou, hakumtazama Ligaya. Alifika mbele ya mwanawe, akasimama wima kadiri mgongo wake ulivyoruhusu, na kumnyooshea mkono wa kulia, kiganja chini, usawa wa kifua, ili ainame na kuunusa kama mwana anusavyo mkono wa mzazi.

Na mkono ule, kwa watu wa Tinian, hutolewa mara mbili tu: mtu anapofika, na mtu anapoondoka.

Benancio alikuwa hapo tangu alfajiri.